Paul Robeson: kwa nini Marekani ilimzima, na Afrika inaingiaje kwenye hiyo kesi

Ukimtajia mtu jina la Paul Robeson leo, iwe Dar, Nairobi au hata hukohuko Marekani, wengi watakwambia hawamjui, labda mmoja mmoja atakumbuka ile sauti nzito ya Ol' Man River. Sasa huyu ni mtu ambaye miaka ya 1940 alikuwa kati ya Wamarekani maarufu zaidi duniani, wa rangi yoyote ile, anajaza kumbi London, Moscow na New York, tamthilia anayoigiza inavunja rekodi Broadway, kwenye yale majumba makubwa ya maigizo ya New York. Alafu ndani ya miaka michache tu akawa hana pa kuimba, hana pasipoti, kwenye tivii haruhusiwi kukanyaga. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka utakalopewa ni "alikuwa mkomunisti". Hilo jibu lina ukweli kiasi ndani yake, ila linafunika jambo lingine ambalo sisi huku linatuhusu moja kwa moja, na ndo hilo nataka tulifungue hapa taratibu maana mambo yenyewe yamefungamana kwelikweli.

Nianze na baba, maana huyu mtu bila baba yake huwezi kumwelewa. William Drew Robeson alizaliwa mtumwa North Carolina, mwaka 1860 akiwa na miaka 15 akatoroka, akahangaika na maisha mpaka akasoma Lincoln University kule Pennsylvania, akawa mchungaji Princeton, New Jersey, na hapo ndo Paul alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898, kitinda mimba wa nyumba ile. Yaani hatuongelei mababu wa zamani za kale, tunaongelea mtu ambaye baba yake mzazi, aliyekaa naye meza moja akimsikiliza masomo yake ya shule, aliwahi kuwa mali ya mtu mwingine. Mwaka 1901 baba akaondolewa kwenye kanisa alilolitumikia miaka mingi, ikabidi azoe majivu kwenye nyumba za watu kwa gari la farasi ili watoto wale, na mwaka 1904 mama, Maria Louisa Bustill, akafariki baada ya nguo yake kushika moto wa jiko la makaa, Paul hata miaka 6 hajatimiza. Robeson mwenyewe alikuja kuandika kwamba katika shida zote zile hakumsikia baba yake akitoa neno moja la uchungu. Mzee baadaye akapata kanisa jingine, akaendelea kumkazania kijana wake mambo mawili, aseme vizuri na asiuze msimamo wake.

Mwaka 1915 akashinda mtihani wa skolashipu kuingia Rutgers, mwanafunzi wa 3 mweusi tangu chuo kile kiwepo. Akaenda kujaribu timu ya mpira wa Kimarekani, na siku ya kwanza tu ya mazoezi wachezaji wenzake, wa timu hiyohiyo anayoiomba, wakamvunja pua na kumtegua bega, akalala kitandani siku kadhaa, akarudi, mmoja akamkanyaga mkono kwa viatu vya njumu hadi kucha zikang'oka. Akabaki. Mwaka 1917 na 1918 akachaguliwa kikosi bora cha vyuo vya Marekani nzima, na mwaka 1919 akamaliza akiwa ndiye aliyepewa heshima ya kuhutubia mahafali kwa niaba ya darasa lake. Lakini katikati hapo, mwaka 1916, chuo kimoja cha kusini kiligoma kucheza na timu yenye mtu mweusi, na Rutgers wakamweka benchi. Hii naitaja makusudi kwa sababu ndo mfumo utakaojirudia maisha yake yote, wanampenda sana mpaka pale kumpenda kunapokuwa na gharama.

Akasoma sheria Columbia, akamaliza 1923, huku akilipia masomo kwa kucheza mpira wa kulipwa na timu za Akron na Milwaukee. Mwaka 1921 alishamuoa Eslanda Goode, Essie, msomi wa kemia aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na huyu mama tutamrudia maana bila yeye nusu ya habari hii isingekuwepo. Uwakili haukudumu. Sekretari mzungu ofisini alikataa kuandika anachoambiwa na mtu mweusi, kwa tusi, na Robeson akaona mbele hakuna njia, akaondoka, na hakurudi tena kwenye sheria.

Jukwaani aliingia kama anapita tu. Essie ndo alimsukuma. Mwaka 1924 kundi la Provincetown Players la New York likampa tamthilia mbili za Eugene O'Neill, The Emperor Jones na All God's Chillun Got Wings, na hii ya pili ilikuwa na mke mzungu anayembusu mkono mume mweusi, basi magazeti yakawaka kabla hata pazia halijafunguliwa, vitisho vya Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, vikaja, ofisi ya meya ikakataa kibali cha watoto waliotakiwa kuigiza onyesho la kwanza. Mwaka uliofuata akaigiza kwenye muvi ya Oscar Micheaux, yule mtengenezaji filamu mweusi aliyekuwa anajitegemea kila kitu.

Ila mimi naona jambo kubwa zaidi la miaka hiyo ni lile la tarehe 19 Aprili 1925, pale Greenwich Village Theatre, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walipotoa konsati nzima, mwanzo hadi mwisho, ya nyimbo za kiroho na za kazi za watu weusi. Watu walikuwa wamezoea kuzisikia zikiwekwa mojamoja mwishoni baada ya muziki wa Ulaya, kama nyongeza. Yeye akazisimamisha peke yake, nyimbo za watu aliozaliwa nao baba yake shambani, kwenye ukumbi wa watu waliovaa suti, na ukumbi ukafurika.

Mwaka 1928 akaenda London kwa ajili ya Show Boat, tamthilia ya muziki yenye ule wimbo wa Ol' Man River, na London ikawa nyumbani kwake zaidi ya miaka 10. Maisha kule yalikuwa na nafuu kuliko Marekani lakini tusiyapake rangi, mwaka 1929 hoteli ya Savoy ilimkatalia huduma kwa rangi yake, na mwaka 1930 kwenye jumba la maonyesho lenye jina hilohilo la Savoy akaigiza Othello, yule jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona, mke wake. Mtu mweusi wa mwisho kutamba London kwenye nafasi hiyo alikuwa Ira Aldridge, Mmarekani mwingine, huko nyuma karne ya 19, na binti yake Ira, Amanda, ndo alimnoa Robeson matamshi.

Vitu viwili vikamgeuza akiwa London. Cha kwanza ni wachimba makaa wa Wales. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikutana nao mtaani London, wametembea kwa miguu kutoka mabonde ya kwao, hawana kazi, wanaimba huku wanaomba msaada, akaungana nao palepale kuimba, na urafiki ule ukadumu mpaka uzeeni. Kupitia wao ndo akaanza kuona kwamba kuna wazungu wanaolia kilio kilekile cha watu wake, na kwamba anayewakandamiza wote anaweza kuwa mmoja. Muvi yake ya mwaka 1940, The Proud Valley, inahusu wachimba makaa haohao, na yeye aliipenda kuliko nyingine zake.

Cha pili ni Afrika, na hapa ndo nawaomba mtulie.

Robeson alisema wazi kwamba Afrika aliigundulia London. Kule Marekani alikua akifundishwa kama wenzake wote kwamba alikotoka hakuna kitu cha kujivunia. London akakuta wanafunzi wa Kiafrika, mabaharia wa Kiafrika kwenye bandari, akawa mwanachama wa heshima wa umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi, akakutana na Nnamdi Azikiwe aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, akakutana na Jomo Kenyatta. Alafu akafanya jambo ambalo mastaa hawalifanyi, akarudi darasani. Mwaka 1934 alijiandikisha School of Oriental Studies, ile inayoitwa SOAS sasa hivi, akasoma fonetiki na Kiswahili. Mtu ana konsati, ana muvi, ana mikataba, na anakaa darasani kujifunza lugha yetu kwa sababu anataka kuijua Afrika kutoka ndani. Mwaka huohuo aliandika makala akieleza kwamba anataka kuwa Mwafrika, na kwamba Mweusi wa Marekani atafika mbali akisimama kwenye utamaduni wa asili yake kuliko akibaki kumuiga mzungu. Hii ni 1934 jamani, Ghana bado miaka 23 kupata uhuru.

Na mwaka uliofuata, kwa huohuo upendo wa Afrika, akaingia mtegoni. Alexander Korda na ndugu yake Zoltan walikuwa wanatengeneza muvi inaitwa Sanders of the River, Zoltan alisharekodi Afrika ngoma na nyimbo za kweli, Robeson akaona hapa sasa dunia itauona utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Akakubali kuigiza Bosambo. Kati ya Waafrika wa London waliokodiwa kuigiza pembeni alikuwemo Kenyatta mwenyewe, akiwa kama chifu mmoja mdogo, yaani rais wa kwanza wa Kenya yumo kwenye ile filamu. Muvi ilipotoka 1935 ikawa ni sifa tupu za mkoloni wa Kiingereza anayewatuliza Waafrika kama watoto, na Bosambo ni mtumishi wake mwaminifu. Robeson aliikana hadharani, ikamuuma miaka yote. Baada ya hapo akawa anadai kwenye mkataba haki ya kukubali au kukataa muvi jinsi itakavyotoka mwishoni, akaipata kwenye Song of Freedom ya 1936, lakini mwaka 1942 baada ya Tales of Manhattan, ambayo nayo iliwachora Weusi wa kusini kama watu wajinga wajinga, akaachana na Hollywood moja kwa moja. Watu wanasahau hili, kwamba alijifungia huo mlango mwenyewe kabla serikali haijamfungia mingine.

Essie naye hakubaki nyuma. Alisoma anthropolojia London, na mwaka 1936 akamchukua mtoto wao Pauli, miaka 8 tu, wakasafiri Afrika Kusini na Uganda, wakakaa na watu wa Toro, akaandika alichokiona na kukichapa kitabu mwaka 1945, kitabu kinachosema bila kuzunguka kwamba Waafrika wana uwezo wa kujitawala. Miaka mingi baadaye, Desemba 1958, huyuhuyu Essie alikuwa Accra kwenye ule mkutano mkubwa wa watu wa Afrika uliosimamiwa na Tom Mboya, na akasema palepale kwamba wanawake ni wachache mno kwenye viti vya mbele. Kwa hiyo anayesema harakati za Robeson ni za mtu mmoja anakosea, ilikuwa nyumba nzima.

Hispania ndo ikamaliza kumgeuza. Tarehe 24 Juni 1937 kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mkutano wa kuchangia wakimbizi wa vita ya Hispania, alisema maneno ambayo yamechongwa hadi kwenye kaburi lake, kwamba msanii lazima achague upande, apiganie uhuru au apiganie utumwa, na yeye ameshachagua, hakuwa na njia nyingine. Januari 1938 akaenda kuwaimbia wapiganaji wa Jamhuri, wale waliokuwa wanapigana na mafashisti wa Franco, huko vitani. Na ule wimbo wa Ol' Man River, uliokuwa na maneno ya mtu aliyechoka kuishi na anaogopa kufa, akaubadilisha akawa anaimba kwamba ataendelea kupigana mpaka siku ya kufa kwake. Wimbo mmoja, jukwaa lilelile, na maana imepinduka.

Vita kuu ilipoanza akarudi Marekani, na kwa miaka michache nchi yake ilimkumbatia. Wimbo wake wa redioni wa 1939, Ballad for Americans, ulipendwa na pande zote za siasa. Tarehe 19 Oktoba 1943 Othello ikafunguliwa Broadway, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago, ikaenda maonyesho 296, na hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kudumu Broadway kiasi hicho. Walipoipeleka mikoani alikataa kuigiza kwenye kumbi zinazotenganisha watu kwa rangi.

Sasa chini ya huo umaarufu kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea. Tangu 1937 kulikuwa na Baraza la Mambo ya Afrika, Council on African Affairs, lililoanzishwa na Max Yergan na Robeson, Robeson akawa mwenyekiti, baadaye wakaingia msomi Alphaeus Hunton na mzee W. E. B. Du Bois. Kwa miaka ile hiki ndicho chombo kikuu ndani ya Marekani kilichokuwa kinapiga kelele juu ya ukoloni, kinatoa jarida, kinasumbua Umoja wa Mataifa kuhusu Afrika Kusini, mwaka 1946 kikachangisha chakula na fedha kwa watu wenye njaa huko. Na Kenyatta na wenzake walipokamatwa Oktoba 1952 na kupelekwa Kapenguria, baraza hili lilikuwa kati ya wachache sana Marekani waliosimama hadharani kuitetea Kenya, wakachanga, wakaandaa mkutano Harlem mwaka 1954, wakati magazeti makubwa yalikuwa yanaandika Mau Mau kama washenzi tu. Hunton alishakula miezi 6 jela mwaka 1951 kwenye kesi nyingine ya kukataa kutaja majina ya waliochangia mfuko wa dhamana. Baraza likabanwa na serikali likitakiwa lijisajili kama kivuli cha wakomunisti, mwaka 1955 likavunjwa. Hunton alihamia Afrika, akafia Zambia mwaka 1970.

Turudi nyuma kidogo. Septemba 1946 Robeson aliongoza ujumbe kwenda kwa rais Truman kudai sheria ya kuzuia watu weusi kuuawa na makundi ya wazungu, mazungumzo yakageuka moto. Aprili 1949 alikuwa Paris kwenye kongamano la amani, shirika la habari likasambaza kwamba amesema Weusi wa Marekani hawatapigana na Urusi, maneno yaliyopotoshwa kutoka alichosema kweli, lakini nani angesubiri ufafanuzi. Kamati ya bunge ikamuita Jackie Robinson, mchezaji besiboli aliyekuwa ameuvunja ukuta wa rangi, aje ampinge mweusi mwenzake. Robinson alikuja kusema baadaye kwamba heshima yake kwa Robeson iliongezeka na uzee na kwamba leo hii asingekubali mwaliko ule.

Kisha Peekskill, New York. Konsati ya tarehe 27 Agosti 1949 ilivurugwa na kundi lililopiga watu na kuchoma viti. Robeson akasema nitarudi, na tarehe 4 Septemba akarudi kweli, watu kama 20,000 wakaja, wanachama wa vyama vya wafanyakazi wakasimama bega kwa bega kuuzunguka uwanja wote wakati anaimba. Konsati ikaisha salama, ila barabara ya kutokea ilikuwa imezungukwa na watu wenye mawe, wakayapiga mabasi na magari kilomita na kilomita, zaidi ya watu 140 wakaumia, na polisi wengi wakiangalia tu. Picha zipo, mtafuteni Eugene Bullard, rubani mweusi aliyepigania Ufaransa vita ya kwanza, anavyopigwa marungu akiwa chini.

Mwaka 1950 televisheni ya NBC ikafuta kipindi alichotakiwa kutokea na Eleanor Roosevelt, mjane wa rais Roosevelt, na mwaka huohuo wizara ya mambo ya nje ikamnyang'anya pasipoti. Hebu fikiria maana yake kwa mtu kama huyu, nyumbani wenye kumbi wamefunga milango kwa hofu, na nje anakohitajika haruhusiwi kwenda, kipato kikashuka kutoka zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka 1947 hadi elfu chache. Alipoenda mahakamani kudai pasipoti, mawakili wa serikali waliweka kwenye maandishi sababu zao, na kati ya hizo wakaandika kwamba kwa miaka mingi amekuwa akijishughulisha sana kisiasa kwa ajili ya uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hiyo ni kauli ya serikali yenyewe, mahakamani, mwaka 1952, haikuokotwa kwa mashabiki wake. Ndo maana nasema jibu la "alikuwa mkomunisti" halitoshi. Marekani ya wakati ule ilikuwa inazihitaji Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji upande wake dhidi ya Urusi, na hizo ndo zilikuwa na makoloni, na hapa kuna Mmarekani mwenye sauti kubwa kuliko mabalozi wote anazunguka dunia akisema makoloni yaachwe huru na Weusi wa Mississippi wananyongwa. Ukomunisti ulikuwa sababu, ndiyo, ila pia ulikuwa ndo lugha rahisi ya kuyabebea mengine yote.

Na je, alikuwa mkomunisti? Mwaka 1946 alikana chini ya kiapo kwamba yeye ni mwanachama, baadaye akawa anakataa kujibu kwa sababu aliona swali lenyewe ni uvunjaji wa haki, na mwaka 1998 kiongozi wa chama hicho cha Marekani, Gus Hall, akadai kwamba alikuwa mwanachama wa siri. Kadi au si kadi, alikuwa rafiki wa dhati wa Urusi ya Kisovieti, hilo halina ubishi, na hakulificha. Alipofika Moscow mara ya kwanza Desemba 1934 alisema kwa mara ya kwanza maishani anatembea kama binadamu kamili, na mtu aliyekanyagwa vidole kwa rangi yake ana haki ya kusema hivyo.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli maana wanaompenda wengi hapa wanapita haraka. Juni 1949 alikuwa Moscow na akaomba kumuona rafiki yake, mshairi Myahudi Itzik Feffer, ambaye kumbe alikuwa gerezani. Wakamleta hotelini akiwa amevalishwa vizuri, na kwa masimulizi ya mtoto wa Robeson, Feffer alimwonyesha kwa ishara kwamba chumba kinasikilizwa na kwamba mwisho wake ni kifo. Robeson akaenda jukwaani akamtaja Feffer, akaimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi wa Warsaw, mbele ya ukumbi wa Moscow, katikati ya kampeni ya Stalin dhidi ya Wayahudi. Huo ni ujasiri. Kisha akarudi Marekani na alipoulizwa akasema hajasikia habari ya mateso ya Wayahudi Urusi. Feffer aliuawa Agosti 1952, mwaka huohuo Robeson alitunukiwa tuzo ya amani ya Stalin, na Stalin alipokufa mwaka 1953 akamwandikia sifa nyingi. Najua hoja ya kumtetea, kwamba angesema angewapa silaha wale waliokuwa wanamkaba, na naielewa kwa sababu shingo yake ilikuwa kweli mikononi mwao. Ila mtu aliyetufundisha kwamba msanii achague upande, tunaruhusiwa kuumia kwamba kwa Feffer na maelfu wengine alinyamaza, na mimi inaniuma hasa kwa sababu alikuwa mkubwa kiasi kile.

Miaka 8 bila pasipoti hakukaa kimya kwa mengine. Mei 1952 vyama vya wafanyakazi vya Canada vikamualika, akazuiwa kuvuka, basi akasimama kwenye lori upande wa Marekani pale mpakani Peace Arch na kuwaimbia maelfu waliojaa pande zote mbili. Mwaka 1957 akawaimbia watu wa London kwa simu kupitia waya uliopita chini ya bahari, na Oktoba mwaka huo wachimba makaa wa Wales nao wakakusanyika Porthcawl, wakamsikiliza kwa waya huohuo na wao wakamuimbia yeye.

Tarehe 12 Juni 1956 ndo akaitwa kwenye ile kamati ya bunge ya kuchunguza "mambo yasiyo ya Kimarekani". Mbunge mmoja akamuuliza kwa nini asingebaki Urusi. Akajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, na atabaki hapa na kuwa na sehemu yake sawasawa na wewe, na hakuna mtu wa kifashisti atakayemfukuza. Akamalizia kwa kuwaambia kwamba wao ndo wasio Wamarekani na waone aibu.

Juni 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwenye kesi ya Kent dhidi ya Dulles kwamba wizara haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa imani zake, na Robeson akapata yake. Akaenda London, mwaka 1959 akaigiza Othello Stratford, Novemba 1960 akawaimbia mafundi wa ujenzi wa Sydney Opera House wakiwa juu ya vyuma, hata jengo halijakwisha. Lakini mwili na akili vilishachoka. Machi 1961 huko Moscow alijaribu kujiua, akalazwa, kisha hospitali ya London ikampa matibabu ya kupitisha umeme kichwani mara 54. Mtoto wake aliamini mpaka anakufa kwamba majasusi wa nchi yake walihusika na kilichompata, ushahidi wa kulithibitisha hilo haukupatikana. Alirudi Marekani Desemba 1963, Essie akafariki 1965, na yeye akaishi Philadelphia kwa dada yake Marian hadi alipofariki tarehe 23 Januari 1976, miaka 77. Mazishi yalifanyika Harlem, kanisa la Mother AME Zion alilokuwa akiliongoza kaka yake Ben.

Urithi wake umerudi vipandevipande. Mwaka 1978 Umoja wa Mataifa ulimheshimu kwa mchango wake dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwaka 1995 ndo akaingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa vyuo, mtu aliyestahili tangu 1918. Mwaka 2004 posta ya Marekani, serikali ileile, ikatoa stempu yenye sura yake. Nyumba ya dada yake pale Walnut Street ni makumbusho sasa, na SOAS wana bweni la wanafunzi lenye jina lake. Harry Belafonte hakuacha kusema kwamba Robeson ndo aliyemwonyesha njia, na ukiangalia Belafonte alivyotumia pesa na jina lake kwenye harakati, hadi kusaidia kupeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kwenye mpango wa Mboya, unaona kamba haikukatika.

Kama unataka kumjua kwa masikio yako, anza na rekodi ya Carnegie Hall ya Mei 1958, alafu tafuta The Proud Valley, alafu soma maandishi ya mahojiano ya kamati ya 1956, yapo bure mtandaoni na ni kurasa chache tu. Sanders of the River iache mwisho, na ukifika pale kwenye kikao cha machifu, mwangalie Kenyatta.